Dhahabu ya Mashine ya Kumi na Mbili

Jumatatu, 30 Septemba 2024

Fundi amekuja na mikanda ya taa. Anaitwa Emorut, begi lake ni kubwa kuliko yeye. Amezungusha taa kwa mashine zote kumi na mbili za kasino, kisha akafunga kisanduku cheusi kwa ukuta wa stoo. Stoo ndiyo ofisi yangu: ndoo, mopu, sabuni — na sasa kisanduku. Kina laini ya simu ndani na antena kama mkia wa panya. Nikauliza kazi yake. Akasema kinaamrisha taa zote ziwake pamoja, na mtu akishinda kubwa zote zinageuka dhahabu kwa wakati mmoja.

Hillary, meneja, akamwambia asijichoshe kunifundisha, mimi ni wa kufagia. Sawa. Wa kufagia ana masikio mawili, sawa na meneja.

Alhamisi, 3 Oktoba

Taa zinapendeza, nisidanganye. Bluu inaanza kwa mashine ya kwanza pale mlangoni, inatembea mpaka ya kumi na mbili karibu na choo, halafu inarudi. Madereva wanaongoja malori yao yavuke mpaka wa Malaba kwenda Uganda wanakaa kuziangalia hata kama hawachezi.

Saa tano asubuhi zikageuka dhahabu. Zote. Watu wakageuza shingo kutafuta mshindi. Hakuna. Mzee mmoja alikuwa amelala kwa mashine ya tano, tukamwamsha tumpongeze. Kumbe hakuwa ameanza hata kucheza.

Zilpa alikuwa amepita kuniletea chakula. Ni mke wa marehemu kaka yangu Okwara, anashona nguo pale sokoni, watoto watatu. Akaniuliza, "Wifi, sasa hii dhahabu ni ya nani?" Nikamwambia taa zinatembea zikitafuta mtu. Zikigeuka dhahabu, wa mashine ya mwisho ndiye amepatikana, akae hapo angoje. Nilitaka acheke. Akacheka.

Lakini hakuondoka haraka vile yeye huondoka.

Jumatatu, 7 Oktoba

Kuna foleni kwa mashine ya kumi na mbili. Mashine ambayo hakuna mtu aliipenda, kwa sababu ya harufu. Nimesikia dereva mmoja akimweleza mwenzake maneno yangu, neno kwa neno, ila sasa yamesemwa na fundi wa taa. Nimepandishwa cheo bila kujua.

Kwenye kiti chenyewe — Zilpa, futi ya kupimia nguo bado shingoni. Amefunga duka saa nne asubuhi, siku ya soko.

Bahati mbaya akashinda kidogo.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo taa zina wazimu. Giza, njano, nyekundu. Giza, njano, nyekundu. Hillary amebonyeza rimoti mpaka kidole kikauma. Hazisikii. Akawaambia wateja ni staili mpya.

Nikaegemea mopu nikafikiria. Giza ni nyeusi ambayo taa haiwezi kuwaka. Nyeusi, njano, nyekundu — bendera ya Uganda. Na ng'ambo leo ni sikukuu ya Uhuru wao.

Nani ameziambia taa zetu?

Mwenye kasino ana nyingine kama hii ng'ambo, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Sisemi kitu. Naandika tu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Aguti anachoma gonja, zile ndizi tamu, mlangoni mwa kasino ya ng'ambo. Tulifahamiana zamani, tukiuza vitenge. Jana nilimwomba kitu kidogo: ukisikia kelele za mshindi huko ndani, nibipu.

Leo amenibipu mara nne. Mara zote nne nilikuwa nimesimama hapa natazama dhahabu.

Basi ndivyo. Wanashinda kule, tunashangilia huku. Nikarudi stoo, nikaweka simu yangu kando ya kisanduku. Ikaleta ujumbe: Karibu Uganda. Na imekuwa ikinikaribisha kwa ukuta huo kila siku, miaka miwili sasa, nikiifuta tu bila kusoma. Kisanduku kimekaribishwa vilevile, nacho kikaitika.

Swali ni kama Hillary anajua.

Jumamosi, 12 Oktoba

Anajua.

Emorut alirudi leo, wakajifungia ofisini. Kipande cha sakafu mbele ya mlango ule kikawa kichafu ghafla. Emorut alikuwa anasema kisanduku kikishika mtandao wa ng'ambo kinajiunga na kundi la taa za huko. Kukirudisha ni kazi ya dakika kumi. Hillary akasema kiachwe hivyo hivyo. Tangu kianze huo ujinga, mashine ya kumi na mbili haijapoa. Kisha akauliza nani mwingine anajua. Emorut akasema hakuna.

Hillary akafungua mlango. "Wewe unapangusa hapa tangu lini?"

"Tangu pachafuke, boss."

Akaangalia mopu. Ilikuwa kavu. Na yeye si mjinga.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimemngoja Zilpa nje ya kanisa, nikamweleza yote. Mtandao, Aguti, bendera. Nikamwambia ile habari ya taa kutafuta mtu niliitunga mimi mwenyewe, nikiwa na mopu mkononi.

Akanitazama vile anavyotazama mteja anayesema alilipia nguo yake.

"Kwa hivyo nikiwa sijashinda ilikuwa kweli. Nimeanza kushinda, imekuwa mchezo."

"Zilpa, hakuna kitu pale."

"Wifi, sema tu unataka kiti."

Halafu akaniambia yale Hillary amemwambia: alete cherehani kasino, mkewe anatafuta moja. Alipwe pesa ya kuchezea, wamalizane hapo hapo. Cherehani! Kitambaa cha sare za Januari za watoto arobaini kimelala mezani kwake, kimekatwa tayari. Nikamuuliza atakishona na meno? Akasema mpaka Januari atakuwa na cherehani tatu.

Jumanne, 15 Oktoba

Imeletwa na boda saa tatu. Hillary akasema ikae stoo mpaka mkewe aje kuitazama saa nane, ndipo Zilpa apewe chake. Kwa hivyo sasa ofisi yangu ina ndoo, mopu, kisanduku na cherehani ya marehemu kaka yangu. Mkanda wake ulikatika zamani, Okwara akaushona kwa uzi wa nyavu aliotoa kwa wavuvi wa ufuo wa Osieko. Bado umeshika.

Nikasema leo nitatumia akili. Nikamwita Zilpa stoo. Nikampigia Aguti, nikaweka sauti kubwa, nikaacha mlango wazi kidogo tuone taa. Tukakaa kama wagonjwa kwenye benchi. Bluu ikaenda, ikarudi. Zilpa akaniuliza kama nimeacha kazi.

Saa tano na nusu — dhahabu. Na kwenye simu makelele, mtu anapiga vigelegele, na Aguti akisema, "Bannange, kuna mwanamke hapa amepiga kubwa! Anaruka na mtoto mgongoni."

Ukumbini kwetu watu wakasukumana kwenda kwa kumi na mbili. Haikutoa kitu.

Zilpa akatazama simu, kisha taa. Mimi nilikuwa najisikia mwalimu.

"Kumbe," akasema.

"Ndiyo."

"Kumbe wanashindia upande ule."

Kabla sijafungua mdomo alikuwa amechukua simu. "Dada Aguti, huyo mama alikuwa amekaa mashine gani?"

Na Aguti, mtu mwaminifu, akaenda akachungulia, akarudi. "Ile ya mwisho kabisa. Karibu na choo."

Zilpa akanirudishia simu kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu aliyepewa baraka. Akasema Hillary asahau, cherehani ng'ambo inapata mnunuzi haraka, ataiuza huko huko na aingie. Akasema asante, wifi. Akatoka kutafuta boda.

Nimefunga mlango kwa ndani. Ufunguo ni mmoja tu, uko nami.

Boda amefika, nimesikia akizima injini. Zilpa amegonga kwa adabu. Kisha bila adabu. "Roselyn, fungua, mtu wa boda anangoja." Naandika.

Sasa ni viatu vya Hillary. Anagonga, anauliza kwa nini stoo imefungwa mchana. Anauliza huyu anafanya nini humo na kisanduku.

Na Zilpa, kwa sauti ya kunitetea kabisa: "Mwache, boss, huyo ndiye anajua siri ya taa. Ndiye alinionyesha mimi."

Viatu vimesogea karibu na mlango.

Hillary hagongi tena. Anaongea polepole sasa, ananiita dada Roselyn, jambo ambalo hajawahi kufanya. Kitasa kinazunguka. Nimekalia cherehani, miguu yote miwili juu ya pedali; atakayeitaka aniinue nayo.