Sauti Zote Ni Zangu

Jumamosi jioni

Bado nina furaha tele.

Mgeni wa Dar, dijei anayetafuta nyimbo tunazotengeneza kwa kompyuta, alikuja leo mchana hapa kwetu Igoma, kwenye chumba tunachorekodia. Alisikiliza wimbo wangu mara mbili, akauliza, "Huyu wa besi ni nani? Na yule dada wa sauti nyembamba?"

"Wote ni mimi," nikamjibu.

Akacheka, akamgeukia Baraka, anayenitengenezea midundo. "Kaka, niambie ukweli."

Hilo liliniudhi. Nimesimama mbele yake, anamuuliza mwanaume!

Baraka akazima mashine. Nikaimba bila maiki: besi niliyojifunza kwaya yetu ilipokosa wanaume, kisha nyembamba, kisha ya tatu, ya kukwaruza. Mafundi seremala wa jirani wakaacha randa zao, wakajaa mlangoni.

Mgeni akavua kofia. "Nisamehe, dada. Sasa niandike majina gani, kila sauti na lake?"

Koo linauma. Naogopa kesho kanisani sauti haitatoka, na Mama bado sijamwambia kuhusu nyimbo hizi.

Lakini yule mgeni nilimtajia jina langu, hilo moja tu, nikasimama palepale mpaka alipomaliza kuliandika.