Kuku wa Arobaini

Jumatatu, 6 Machi

Aibu gani hii! Nimevuja damu tena, pale pale mbele ya oveni, trei ya mikate ya jibini mkononi na wateja wananitazama. Nubia, ninayeoka naye, alinivua aproni, akanifunga sweta lake kiunoni, akaniburuta kliniki huku mikate ikiungua nyuma yetu. Kiwango cha damu yangu ni sita, nusu ya inavyotakiwa. Muuguzi akauliza nimefikaje. Kwa miguu, nikasema. Akanikalisha haraka kana kwamba naanguka.

Kesho daktari wa wanawake. Sijamwambia mume wangu, Arnulfo. Anajua nimechoka, basi.

Jumanne, 7 Machi

Daktari Quintana ana mikono baridi na sauti ya taratibu. Alinichorea. Kizazi changu kimejaa uvimbe — si saratani, alirudia mara mbili — ila ni mwingi mno na umejichimbia ndani ya nyama, hauwezi kutolewa mmoja mmoja. Sindano zitazuia damu kwa muda tu. Ushauri wake ni kuondoa kizazi chote.

Vifuko vya mayai vitabaki, kwa hiyo sitazeeka ghafla wala kuota ndevu. (Nilimuuliza! Hakucheka.) Hedhi hakuna tena. Mimba hakuna tena. Nikauliza pale patakapobaki wazi wataweka nini. Hawaweki kitu, akasema, utumbo unasogea wenyewe, kama watu kwenye benchi mwenzao akiinuka.

Na nikikataa? Siku moja damu haitakata, na huenda hospitali hii isiwe na ya kuniongezea. Sahihi ni yangu peke yangu, mume haulizwi. Laiti angeulizwa! Laiti mtu yeyote angeulizwa badala yangu. Anataka jibu Alhamisi ya wiki ijayo.

Alhamisi, 9 Machi

Nimemwambia. Arnulfo alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka kusafirisha kahawa kwa lori, hata buti hajavua.

— Hao kazi yao ni kukata tu! Shangazi yangu aliambiwa hivyo hivyo, akazaa mapacha.

Shangazi yupi? Hasemi. Halafu, polepole: Yolima, sisi bado hatujapata mtoto. Angefoka ningejua la kumjibu. Akatoka kwenda kuwapa kuku mahindi.

Wale kuku! Mama Edilma, mkwe wangu, anawafuga tangu harusi yetu. Ni wa arobaini yangu ya uzazi: mzazi hatoki nje, hagusi maji baridi, anakula kuku siku zote arobaini. Miaka tisa sasa. Wakizeeka anawauza, analea wengine. Hata Krismasi tunanunua kuku sokoni, hawa hawaguswi. Majirani husema kuku wa Mama Edilma wana bima ya maisha. Zamani nilicheka pamoja nao.

Jumapili, 12 Machi

Nubia amekuja baada ya misa. Yeye alitolewa kizazi chake miaka mingi iliyopita, akiwa tayari ana watoto watatu.

— Shoga, wanasema eti unabaki mtupu. Mbona sijasikia upepo ukivuma tumboni? Mume wangu naye hajanirudisha kwetu!

Tulicheka mpaka nikalazimika kukimbilia chooni. Niliporudi alikuwa hacheki. Akaniambia baada ya upasuaji, mwezi mzima alikuwa akiona pedi dukani analia, hajui kwa nini. Na yeye watoto anao, akasema. Kisha akajutia kusema.

Nami nilimtaka mtoto. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayeniuliza. Wote wanazungumza kama vile mtoto ni wa Arnulfo na uvimbe ni wangu.

Jumatatu, 13 Machi

Mama Edilma ameshajua, Arnulfo kamwambia. Alikaa akichambua maharage. Nikamwita, Mama. Akaitika, akaendelea kuchambua. Niliona afadhali angenitukana.

Jumanne, 14 Machi

Vibaya. Tangu asubuhi damu haikati. Madonge. Nimelala juu ya taulo, ukuta unazunguka. Arnulfo yuko barabarani, simu haishiki huko milimani.

Mama Edilma alibadilisha shuka. Aliinua ile ya chini, akaitazama muda mrefu. Akaifua mwenyewe kwa maji ya chumvi, mimi nikitazama dari.

Jioni imepungua. Bado naandika, kwa hiyo nipo.

Jumatano, 15 Machi

Leo mchana nimeamshwa na kelele za kuku bandani. Halafu kimya. Halafu harufu — kitunguu, giligilani, muhogo unachemka. Nikajikongoja mpaka jikoni. Manyoya kwenye beseni. Yule mweupe mwenye shingo tupu, mnono kuliko wote!

Arnulfo aliingia akasimama mlangoni.

— Mama, umefanya nini? Hao ni wa mtoto!

— Ni wa huyu, akasema Mama Edilma. Hakugeuka kutoka kwenye sufuria, akaendelea: Watu wakimpasua tumbo mwanamke, arobaini ni arobaini. Atakula kabla, atakula baada.

— Hajasema ndiyo!

— Basi mwulize.

Wakanigeukia wote wawili. Bakuli liko mezani, paja zima ndani, mafuta ya njano juu. Kijiko kimeshawekwa. Tumbo langu linaunguruma, sijala tangu jana. Nikila nimesema ndiyo. Nisipokula... Nikasema nakuja, nafuata shali. Nimejifungia chumbani na daftari hili.

Mimi sijaamua! Kila mtu ameamua na wote wameamua kwa ajili yangu, na bado sahihi ni yangu. Kesho ndiyo Alhamisi. Ningemwomba Mungu aamue, ila jana nilidhani ameshaamua, na niliogopa. Niliogopa sana kufa. Hilo nalijua sasa.

Nje Arnulfo anapiga misumari. Nimechungulia dirishani. Anaziba banda, ubao juu ya ubao, anafunga mlango wa kuku kwa waya, asichinjwe mwingine. Mabega yanamtetemeka. Huyo hapigi nyundo kwa hasira, huyo analia.

Mama Edilma anagonga mlango wangu. Anasema, mwanangu, mchuzi unapoa.

Misumari bado inapigwa. Mate yananijaa mdomoni, aibu gani hii, njaa niliyo nayo! Nafunga daftari, nakwenda kufungua mlango.