Fulana Arobaini za Matanga

Kwako mdogo wangu,

Unakumbuka tulipomzika rafiki yako Trésor? Fulana arobaini nilizichapa mwenyewe hapa dukani kwangu, mtaa wa Albert Park, uso wake kifuani, nawe ukizikunja huku unanichokoza mimi dada yako: "Yaya, pua yake umeinenepesha, atafufuka aidai ile ya zamani!" Tulicheka mpaka tukalia.

Baada ya mazishi nikawapiga nyote picha nje ya kanisa. Mbele pasta na akina mama, thelathini na watatu. Nyuma nyinyi vijana saba, vidole viwili juu, salamu ya Trésor.

Mahakamani wakaonyesha picha yenye nyinyi saba tu. Sare moja, ishara moja, genge moja, akasema mwendesha mashtaka. Kwa ule ugomvi wa kule Umbilo, ambao ulikiri, ukapewa miaka mitatu. Kwa genge, mitano juu yake. Miaka mitano kwa picha moja! Hakuna shahidi hata mmoja aliyesema alikuona na genge lolote. Wakili anasema hoja ya rufaa ndiyo hiyo, ushahidi hautoshi. Lakini majaji wanasoma kilichomo kwenye faili, na kwenye faili mko saba.

Nimezunguka nikiwaomba wale wengine waape kwamba nao walivaa fulana hizo. Tatizo, kiapo tunakwenda kuapia kituo cha polisi.

"Karatasi zangu za kuishi nchi hii zimekufa tangu mwaka juzi," Mama Furaha akaniambia, "leo nijipeleke polisi kwa miguu yangu? Eish, dada, unanitafutia kesi ya pili?"

Wamekubali wawili. Wawili kati ya thelathini na watatu, na rufaa ni Jumanne.

Mara tatu umeniuliza nani aliikata ile picha. Nikakujibu polisi. Mdogo wangu, ni mimi. Mlipendeza, nikawaondoa wengine, nikawaweka nyinyi kwenye stetasi ya simu yangu kutangaza duka. Polisi waliitoa picha hapo. Simu yenye picha nzima ilishaibiwa, na siku ya hukumu aibu ilinifunga mdomo.

Leo asubuhi nimeapa kwamba picha niliikata mimi. Kesho wakili atakuletea karatasi ya kiapo hicho, na sikutaka uyasome haya kwake kabla ya kuyasikia kwangu.

Jumapili nitakuja huko gerezani. Ukikataa kuniona, nitakaa pale nje mpaka wageni wote watoke. Lakini hicho kiapo usikikatae, nakuomba. Ni cha kweli.

Kaa salama,
Yaya wako