Lipstiki ya Makena na Kibuyu cha Mama

Jumatatu, 4 Agosti

Kuku wamelishwa. Kahawa bado haijapaliliwa. Makena amepiga simu kutoka Embu, anakofanya kazi dukani. Ni mjukuu wangu, huniita Cucu, yaani bibi. Nimemlea tangu mama yake afariki. Jumamosi wakwe, wazazi wa mchumba wake Mutwiri, wanatoka Muthara kuleta mahari, na Makena anataka kupaka lipstiki inayosifiwa na wasichana wote. Rangi ya ngozi. Haionekani, haitoki. Wiki jana aliniachia moja niione.

Kwetu binti huonja uji kibuyuni, kisha humpa baba wa mwanamume. Rangi ikibaki kwenye kibuyu, watasema hakulelewa. Nimemwambia nitaijaribu mwenyewe kwanza.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepaka. Rangi ya ngozi ya nani? Kwenye midomo yangu ni unga wa mahindi. Chai ya moto: kikombe safi. Hindi la kuchoma: bado ipo. Kanyua, jirani niliyemfundisha shuleni, akachungulia uani.

"Mwalimu! Ni malaria, ama umelamba jivu?"

 Nilijifuta kwa kitambaa, haikutoka. Hapo sifa ni za kweli.

Jumatano, 6 Agosti

Kikombe si kibuyu. Wazo hilo liliniamsha. Nikapika uji wa wimbi, nikamimina katika kibuyu cha marehemu mama, kile kile cha Jumamosi. Upumbavu. Nilikunywa mara moja tu. Alama ya mdomo mzima ikabaki ukingoni. Kikombe ni laini, kibuyu hunyonya. Nimesugua kwa sabuni, kwa jivu, kwa gunzi. Imezama. Nimejikasirikia.

Alhamisi, 7 Agosti

Bado ipo. Kuazima hakufai, kibuyu lazima kiwe cha nyumba ya binti. 

Ijumaa, 8 Agosti

Makena amefika. Nilimwonyesha kabla hajatua mkoba.

"Cucu! Wewe? Wewe uliyenifukuza kanisani kwa sababu ya hereni?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakigeuza kibuyu mkononi.

"Watasema ni mimi."

Ameamua kesho hatapaka chochote. Haitoshi. Nimefagia ua mara mbili, ukiwa safi tayari.

Jumamosi, 9 Agosti

Wageni wameondoka. Makena alionja upande safi, midomo mitupu. Baba mkwe akakizungusha kibuyu, akaiona alama, akamtazama Makena.  Makena aliinamisha kichwa.

Nikasimama. "Mzee, mdomo huo ni wangu. Nilikuwa najaribu lipstiki."

 Kisha mkewe akaangua kicheko, akampiga begani.

"Kunywa, Baba Mutwiri. Mdomo wa mwalimu hauna sumu."

Akanywa, palepale penye alama.

Kibuyu kinakauka dirishani. Makena anaosha vikombe jikoni, anaimba chini kwa chini. Nje manyunyu yameanza.