Jogoo, Sofa na Mgongo wa Githongo

Noonkopir, 9 Aprili 2024

Kwa mwanangu Mureithi,

Kwa majonzi makubwa natangaza kifo cha jogoo wetu, kilichotokea jana asubuhi, kwa kisu, kwa heshima ya serikali. Ameacha kuku watatu na majirani ambao sasa watalala.

Uko salama lakini? Wamekupa blanketi? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu.

Yule afisa wa probesheni uliyesema hakimu atamtuma kuuliza habari za kwetu kabla ya kukuhukumu, alikuja. Ni mama mpole, anaitwa Keziah, anaandika sana. Nilimpokea vile tunapokea watu wa ruracio, wanaokuja kwa mambo ya mahari. Hao nani huwaonyesha mahali paa linavuja? Jirani yetu Mama Caren alituazima sofa. Chapati zilikuwako. Akauliza, "Mzee, Mureithi alikuwa anakusaidia?" Nikamwambia, "Mimi? Nisaidiwe na mtoto?" Nikasimama wima mpaka akaondoka.

Umetoka kwa boma la heshima, na sasa korti inajua.

Baba yako,
Githongo

Rumande, Kajiado, 16 Aprili

Baba,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mgongo unaendeleaje? Nauliza kwa sababu ndio niliopeleka kortini.

Nilipokubali kwamba bangi iliyokuwa ndani ya magunia ya vitunguu ni yangu, hakimu aliuliza kama niko na la kusema. Nikamwambia tangu uanguke mjengoni kule Ngong huwezi kuinama, na mimi ndiye nanunua unga. Na ni ukweli, Baba. Sasa atasoma kwamba nimelelewa kwa sofa, na baba haumwi popote wala hahitaji kitu. Mtu wa aina hiyo anabeba bangi ya nini? Hapa ndani wananiambia hiyo inaitwa tamaa, na tamaa hufungwa miaka mingi kuliko njaa.

Rudi kwa Keziah umwonyeshe mgongo. Tafadhali, na sofa irudi kwa mwenyewe.

Mwanao,
Mureithi

Noonkopir, 24 Aprili

Mwanangu,

Habari za huko? Kikohozi kimepungua? Hapa mvua tu.

Nimeenda ofisini kwa Keziah na fimbo na ile picha ya eksirei. Nilitembea kama mtu anayeumwa, jambo rahisi, kwa sababu naumwa. Akaniangalia.

"Mzee, si juzi ulinisogezea sofa peke yako?"

"Nilikuwa nimemeza dawa za Mama Caren."

"Na sofa?"

"Ya Mama Caren."

"Na kuku?"

"Huyo alikuwa wetu."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema ataandika yote mawili, vile nilisema kwanza na vile nasema sasa. Nikauliza hakimu ataamini gani. Akasema hapo kazi yake imeisha.

Mureithi, nilitaka tu wasiseme hukulelewa.

Baba yako,
Githongo

Noonkopir, 20 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Siku ya hukumu imepita na sikuweza kufika, mgongo ulikataa hata kitanda. Hakuna mtu ameniambia kitu. Kama umenikasirikia, andika hivyo. Nitasoma.

Baba yako

Gereza, Kajiado, 2 Juni

Baba,

Natumai umeamka vizuri. Mimi ni mzima. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia bila kukulaumu, na haikupatikana haraka.

Hakimu alisoma ripoti yote, hata jogoo akatajwa, watu wakacheka. Akasema amezingatia umri wangu, kwamba sijawahi kushtakiwa, kwamba nilikubali kosa, na "hali ya nyumbani ambayo maelezo yake yanagongana". Halafu akasema miaka kumi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiigawanya: ya jogoo ni mingapi, ya sofa mingapi, ya wewe kusimama wima mingapi. Kuna siku nilikupa yote.

Jana nimeongea na mwenzangu wa hapa, Munguti. Alishikwa Bisil na mzigo kama wangu, akahukumiwa na hakimu huyo huyo, wiki hiyo hiyo. Hana wazazi. Afisa alipoenda kwao alikuta mlango umefungwa na hakuna jirani anayemjua, kwa hivyo ripoti yake haikuwa hata nusu ukurasa.

Naye alipewa kumi.

Mwanao,
Mureithi