Nani Aliipiga Picha ya Fundi Viatu?

Shangazi mpendwa, naomba uniwahi, maana nyumbani kumechafuka na studio nayo inaelekea huko huko.

Mimi ni mpiga picha, nina kastudio kadogo kenye pazia la maua na taa mbili, na mke wangu tunafanya naye kazi, yaani mimi niko kwenye kamera na yeye husimama pembeni yangu akiwachangamsha wateja, maana mtu ukimkalisha mbele ya kamera hukauka kama ubao, basi yeye atacheza, atatembea kama bata, ataniiga ninavyokoroma, ilimradi mtu alegee. Siku moja akaja fundi viatu wa mtaani kwetu, mzee ambaye hata wanawe wanasema hawajawahi kuyaona meno yake, nikahangaika naye, mara kidevu juu, mara bega chini, wapi, mpaka mke wangu akavaa koti langu, akajitwika beseni na kuanza kupita kwa madaha kama bibi harusi mwenye haya, mzee akaangua kicheko mpaka machozi yakamtoka, nami nikabonyeza. Shangazi, picha ile nikiitazama nacheka peke yangu kwa furaha, mwanga umemkaa shavuni, mikono yake yenye gundi iko hewani, sijawahi kupiga picha kama ile maishani mwangu.

Sasa imechaguliwa kwa maonyesho, waandaaji wakaja studio kuuliza jina la mpiga picha liandikwe chini yake, nikataja langu bila hata kufikiri, na mke wangu yupo hapo hapo anafuta fremu. Akaweka kitambaa chini, akasema, "Hongera, mpiga picha." Tangu siku hiyo anakaa kwenye benchi amekunja mikono, nikimwambia, "Mama, mchangamshe basi mteja," ananijibu, "Kwani mpiga picha ni mimi?" na wateja wanatoka kwenye picha kama wamekuja kuripoti wizi, jana bwana harusi mmoja kaniuliza ile ni harusi au msiba. Lakini Shangazi, mwanga niliuweka mimi, na kidole kilichobonyeza ni changu. Kosa langu nini? Ijumaa wanachapa majina.

Ni mimi, Kidole Changu.

*

Kidole Changu,

Pole, na unisamehe, nimecheka. Kuupanga mwanga ni kazi, na kukidaka kicheko kabla hakijapita ni kipaji, hilo hakuna atakayekunyang'anya. Lakini baba, umekosea, tena umekosea sana.

Hebu inuka uende ukazitazame picha nzuri ulizotundika ukutani, zile unazojivunia. Yatazame macho. Kuna hata mmoja anayeiangalia kamera? Wote wanatazama pembeni kidogo, pale anaposimama mkeo. Miaka yote hiyo umekuwa ukiwapiga picha watu waliofurahi kumwona mke wako, halafu unaniambia habari za taa! Kidole kimoja hakivunji chawa, bwana, wala hakipigi picha.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla hujafungua studio, nenda mwenyewe kwa waandaaji, waambie waandike majina mawili, na la mkeo litangulie. Usimtume mtu. Ukirudi, mwambie, "Mke wangu, nimekosa," kisha unyamaze. Usiongeze "lakini," nakujua, ulimi unakuwasha.

Akishacheka, na atacheka tu, maana mwanamke wa namna hiyo hawezi kununa milele, mpe kamera mkononi. Kaa wewe mbele yake. Usijipange, usimfundishe pa kusimama, mtazame tu. Picha hiyo ikitoka, itundike mlangoni wateja waione, na kwa sheria yako mwenyewe ya kidole, chini yake uandike jina la mpiga picha: lake, peke yake.