Nilivyomrudishia Otane Jina Lake

Jumapili, inakaribia magharibi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika ghafla adhuhuri, na sasa ua wote unanukia majani mabichi. Moyo wangu mwepesi leo. Wiki nzima haukuwa hivyo, kwa hiyo naandika upesi kabla sijaanza kujisifu.

Maana sina cha kujisifia. Nilidanganya watu wazima.

Kitabu chenyewe si changu. Ni cha Salehe, dresa, mfunga vidonda wa hospitali, aliyekwenda vitani Burma akarudi mzima. Alikipata India alipolazwa kwa jeraha la bega. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alimwachia. Ni hadithi za Wajapani zilizotiwa Kiingereza. Jalada limekwishatoka na kurasa zimevimba kwa unyevu. Kimekwenda kwa karani wa posta, kikapelekwa Mkange kwa mwalimu mwenzangu, kikarudi, ndipo Salehe akaniletea shuleni kimefungwa kwa gazeti.

"Mwalimu Rehema," akaniambia, "soma ile ya mwanamke wa chumvi. Mimi nimeisoma mara nne."

Niliisoma mara mbili siku ileile. Nikaona nikikaa nayo peke yangu nitakuwa mchoyo.

Kila Alhamisi na Jumapili, baada ya sala ya alasiri, wanawake wa mtaani kwetu hukusanyika kwa shangazi yangu Bi Tatu kusuka ukili wa mikeka. Mimi nakwenda, lakini ukili wangu huwa mpana huku, mwembamba kule. Walifurahi waliposikia kwamba sasa nitawasomea hadithi badala ya kuwaharibia miyaa ya kusukia. Nikawa napitisha macho kwenye Kiingereza kimyakimya, kisha natoa Kiswahili kwa sauti.

Ila Bi Mwanahawa alikuwapo.

Mwanawe wa pekee, Shabani, alikwenda Burma kikosi kimoja na Salehe. Salehe alirudi. Kwa Bi Mwanahawa ikaja barua ya Serikali. Huu ni mwaka wa nane, na bado neno "Mjapani" halitamkwi mbele yake. Salehe mwenyewe huzunguka njia ya nyuma ili asipite mlangoni pake.

Basi nikabadilisha majina. Mwanamke wa hadithi anaitwa Otane, nikamwita Bi Tausi. Mwanawe Seikichi nikamfanya Sefu, na mke wa Seikichi, Okiku, nikamfanya Kibibi. Nikasema ni watu wa visiwa vya mbali huko. Nilijiambia kwamba ni huruma.

Hadithi ni fupi. Otane anachemsha maji ya bahari apate chumvi. Mwanawe alikwenda kaskazini kukata magogo, hakurudi, wala hakuna habari zake. Amebaki na mkwewe, msichana bado, na wazazi wa msichana wanataka arudi kwao aolewe tena. Otane akimruhusu, itakuwa amekubali kwamba mwanawe amekufa.

Sikutegemea wangeipokea vile. Bi Tatu alikwama kwanza kwenye chakula. "Wali bila nazi, na samaki mbichi. Hao ni wagonjwa au ni maskini?" Mwingine alitaka kujua chumvi ile inauzwa kwa nani. Lakini kufika Alhamisi iliyofuata walikuwa wanagombana juu ya Kibibi kama vile anakaa nyumba ya tatu. Bi Tatu alisema asubiri, mume anaweza kutokea. Bi Mwanahawa, ambaye alikuwa hajasema neno, aliinua uso.

"Amwache aende. Mtoto wa watu asizeeke akilinda kitanda kitupu."

Nami nikaendelea kusoma, nikijiona nimefanya jambo la maana.

Jumapili iliyopita, zilipokuwa zimebaki kurasa chache tu, Bi Mwanahawa alinyoosha mkono akakitaka kitabu. Hajui kusoma, nikadhani anataka kukipima uzito. Akafunua polepole, akafika penye picha ambayo mimi nilikuwa nikiipita haraka: mwanamke ameinama juu ya sufuria kubwa, amefunga vazi lake la mikono mipana.

"Huyu ndiye Bi Tausi?"

"Ndiye, mama."

"Watu wa wapi hawa?"

Ningeweza kudanganya tena. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini alikuwa ananitazama, nikashindwa.

"Wajapani."

Alikiweka kitabu chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akakunja ukili wake, akautia kapuni, akaondoka. Hakuaga.

Sikulala vizuri siku zile. Shuleni niliwasahihishia watoto hesabu nikakosea mimi. Nilifikiri kumrudishia Salehe kitabu chake, nikafikiri na kukichoma. Bi Tatu alinishauri nimwache apoe.

Alhamisi nikaenda kwake. Nilimkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Nikamwomba radhi. Nikasema niliogopa kumuumiza. Aliendelea kupepeta.

"Nani alikutuma uniogopee?" akasema. "Mwaka wa nane huu watu wananiogopea. Nikiingia mahali, wananyamaza. Wakitaka kumtaja Shabani wanatazama chini, kana kwamba mwanangu aliiba. Sasa na wewe, niliyekufundisha kutembea, unakuja kunisomea kitabu cha uongo."

Niliona haya ambayo sijapata kuyaona tangu utotoni.

"Yule mama nimemlilia siku mbili," akasema. "Kumbe hata jina lake silijui. Anaitwa nani?"

"Otane."

"Otane." Akalitamka sawasawa, mara ya kwanza. "Na mwanawe?"

"Seikichi."

"Se-i-ki-chi. Majina mepesi haya. Uliyaficha bure."

Akaweka ungo chini. "Nilikuwa nikiwaza nchi ile, naona askari tu. Sikupata kufikiri kwamba nao wana mama anayechemsha chumvi." Kisha akanielekezea kidole. "Sijawasamehe. Usije ukaenda ukasema hivyo. Lakini nataka kujua kama alimwacha yule msichana aende. Jumapili njooni kwangu, uanze upya, na majina yao. Na umwambie Salehe aje. Apite njia ya mbele."

Nilikwenda hospitali kumpa Salehe ujumbe. Alikuwa anafunga mtu kidonda. Mkono wake ulisimama, ukaendelea.

Leo tulijaa uani kwa Bi Mwanahawa. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili tuliposikia hodi. Salehe alikuwa amevaa kanzu ya Idi, na amesimama nje ya mlango kama anayesubiri kufukuzwa.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanahawa alimtazama. Nadhani alikuwa anahesabu mvi zake, au anatafuta sura nyingine pembeni yake.

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

Akaketi mwisho wa mkeka. Nikasoma mpaka mwisho. Otane alimwacha Okiku aende. Alimfungashia chumvi ya kuanzia nyumba mpya, akamsindikiza mpaka darajani, akarudi kuwasha moto wake. Bi Tatu, aliyekuwa upande wa kusubiri, alifuta macho kwa upindo wa kanga akasema ni moshi. Hapakuwa na moshi.

Nilipofunga kitabu, Bi Mwanahawa alimgeukia Salehe.

"Shabani alikuwa anakula nini kule?"

Salehe alianza kwa maneno machache, halafu yakafunguka. Shabani alivyonung'unikia chakula cha makopo. Alivyowafundisha wenzake wa bara kutaka nazi katika kila kitu, huku nazi yenyewe haipo. Alivyokuwa akiimba vibaya na kukataa kunyamaza. Bi Mwanahawa alicheka. Mimi sikuwa nimemsikia akicheka tangu barua ile, nami nakaa nyumba ya pili kutoka kwake. Ukili ulilala mapajani, hakuna aliyesuka.

Kuanzia leo sitamchagulia mtu mzima kile anachoweza kukibeba. Nitasoma kilichoandikwa.

Alhamisi hakuna kitabu. Bi Mwanahawa amesema Salehe hajamaliza kusimulia.